Fao la upotevu wa ajira: wiki ya 11 sasa, kila dirisha jibu lake. Nianzie wapi?

Binti wa Segerea (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mi ni msomaji wa humu miaka mingi ila sijawahi kufungua uzi, leo imebidi maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda kimoja hapa Dar, huku barabara ya Nyerere, idara ya kufungasha mzigo, miaka 6 kamili. Mwezi wa tisa mwishoni tukaitwa kantini watu kama arobaini hivi, tukaambiwa uzalishaji umeshuka, mashine mbili zinazimwa, kwa hiyo sisi ndo basi. Hakukuwa na kikao kabla ya hapo wala tangazo ukutani, tulikuta karatasi zimeshapangwa mezani kwa majina, unaitwa, unasaini, unapewa kopi yako unatoka. Nilisaini nimesimama, kalamu ya kuazima, nyuma yangu foleni, na bosi anasema asiyesaini leo mshahara wake wa mwezi huu utachelewa. Nina watoto wawili, wakuu, nilisaini.

Katikati ya mwezi wa kumi nikaenda mfuko wa hifadhi ya jamii kuomba fao la upotevu wa ajira. Nikajaza fomu, nikaweka barua, kopi ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo, namba ya akaunti ya benki, nikaambiwa subiri utapigiwa. Sikupigiwa. Nikiingia kwenye mfumo naona neno moja tu tangu siku ile, "inashughulikiwa".

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Mara ya kwanza nimerudi, dada wa dirishani akasema michango yako imeishia mwezi wa pili, mwajiri hajaleta kuanzia wa tatu. Nikamwonesha salary slip za mwezi wa tatu mpaka wa tisa zote nimekatwa 52,000, akasema hiyo ongea na mwajiri wako. Mara ya pili nikakuta kaka mwingine, huyo habari ya michango hakuigusa kabisa, alifungua barua yangu akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja akausoma mara mbili halafu akasema dada hapa inaonekana uliacha kazi kwa makubaliano. Nikapiga simu huduma kwa wateja, huyo wa tatu akaniambia tatizo ni majina hayafanani. Kweli jina la katikati kwenye kitambulisho cha taifa ni la babu, kwenye kadi ya mfuko aliyenisajili kazini aliandika la baba.

Watu watatu, majibu matatu, na hakuna aliyeniandikia chochote kwenye karatasi. Kutoka Segerea mpaka mjini kwenda na kurudi nimeshaenda mara sita, nauli ya mara sita ni unga wa wiki nzima. Asubuhi nakaanga maandazi nauza hapa barazani, nashukuru Mungu mkono unaenda kinywani, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mwezi wa pili na kikoba nimeshakopa.

Naomba aliyepitia hili anielekeze, tatizo langu ni lipi kati ya hayo matatu na nianzie wapi? Na je kuna muda ambao ukipita nimepoteza haki? Natanguliza shukrani.

---

kijana_rangi3

Pole sana dada'angu, nimesoma nikajiona mimi kabisa. Mi nilipunguzwa kampuni moja ya usafirishaji, nilikula danadana miezi mitano mpaka hela ikaingia. Iliingia, nakwambia hivyo ili usiache kufuatilia.

Kitu kimoja nilichojifunza kwa gharama, usiondoke dirishani bila karatasi. Kila ukienda andika barua fupi tu, nusu ukurasa, leo tarehe fulani nimefika nimeambiwa hivi na hivi, peleka masjala wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako. Yaani mi kabla ya hapo nilikuwa naongea na kila mtu anapokea maneno yangu kwa sikio hili yanatokea huku, siku niliyokwenda na kopi tatu zenye mihuri yao wenyewe, yule mama msimamizi alivuta kiti akaniambia kaa tufungue faili lako. Faili likafunguliwa mbele yangu. Kumbe barua yangu ya kuachishwa ilikuwa haijaskaniwa upande wa nyuma na tarehe ya mwisho wa kazi ilikuwa huko nyuma ya karatasi!

Na angalia akaunti yako ya benki kama iko hai. Mimi malipo ya kwanza yalitoka yakarudi kwa sababu akaunti ilikuwa imelala, mshahara ulipokata sikuigusa tena. Nikapoteza mwezi mwingine mzima hapo. Weka hata elfu tano toa elfu mbili, ionekane inatembea.

---

Mama Makaratasi

Binti pole mwanangu. Mimi nimekaa ofisi za HR (rasilimali watu) miaka mingi kabla sijastaafu, nimeandika barua za namna hiyo nyingi na zingine leo nikizikumbuka roho inaniuma, kwa hiyo ngoja nikae chini nikueleze vizuri maana hapa kuna kitu wengi hawakioni.

Kwanza tuelewane fao lenyewe. Tangu sheria ya 2018 ilipofuta fao la kujitoa, lile la kuchukua michango yako ukiacha kazi, likaja hili la upotevu wa ajira, na neno ni UPOTEVU. Ajira imekupotea, si wewe uliyeiacha. Masharti yake makubwa ni kwamba umechangia angalau miezi 18, hukuacha kazi kwa hiari yako na hujapata ajira nyingine. Ukikidhi unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Wewe umekatwa 52,000, ina maana mshahara ni 520,000 kama mlikuwa mnagawana mchango nusu kwa nusu, asilimia kumi wewe kumi mwajiri. Basi kwa mwezi ni 173,160, kwa miezi sita inafika milioni moja na elfu thelathini na nane na kitu. Kwa mtu anayekaanga maandazi hiyo ni kodi na ada.

Sasa angalia haya majibu matatu uliyopewa. Wewe unaona matatizo matatu, mi naona hadithi moja ambayo haishikani. Kwenye kompyuta yao wewe ulikoma mwezi wa pili, maana ndo mchango wa mwisho. Barua inasema ulikoma mwezi wa tisa. Barua hiyohiyo inasema mlikubaliana. Na jina la kwenye barua labda limefuata kitambulisho wakati la kwenye mfuko ni lingine. Mtu aliyekaa na faili hilo mezani anajiuliza huyu aliacha lini, kwa nini, na je ni yeye? Akishindwa kujibu anasogeza faili pembeni anachukua linalofuata. Si kwamba ana roho mbaya, ila faili lililosogezwa pembeni halina mtu wa kulirudisha katikati mpaka mwenyewe uje.

Kwa hiyo uzito wake si sawa. Michango ya miezi saba isikutoe usingizi upande wa masharti, una miaka 6, toa hiyo saba bado una miezi 65, na wanaotakiwa ni 18. Ni hela yako na lazima idaiwe, 104,000 kila mwezi mara saba ni 728,000 na nusu yake imetoka kwenye mfuko wako wewe binafsi, ila sio yenyewe inayolizuia fao lisitoke. Jina nalo ni kazi ya siku moja, kiapo kwa wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kinachokuua ni ule mstari aliouwekea kalamu yule kaka. Hebu uandike hapa neno kwa neno tuuone.

---

Binti wa Segerea

Mama shikamoo, asante sana yaani umenifungua macho. Mstari wenyewe huu hapa nimeunakili kama ulivyo:

"Kufuatia mazungumzo kati ya mwajiri na mwajiriwa, pande zote mbili zimekubaliana kusitisha mkataba wa ajira kuanzia tarehe 30 Septemba."

Halafu aya ya chini yake wanasema wananitakia kila la heri. Habari ya uzalishaji kushuka na mashine kuzimwa haipo popote, tuliambiwa kwa mdomo tu. Na mazungumzo mama hayakuwepo hata dakika moja.

---

Mama Makaratasi

Marahaba mwanangu. Ndo hapohapo.

Nikwambie kwa nini wanaandika hivyo. Mwajiri akisema nimepunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka atoe taarifa mapema kwamba anakusudia kupunguza, aeleze sababu, akae mezani na wafanyakazi au chama chao wajadiliane kama kuna njia nyingine na nani ataondoka kwa vigezo gani. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Ukiandika "makubaliano" unaruka yote hayo kwa karatasi moja. Hakuna aliyekaa akasema tuwanyime fao, hilo hata halijawapitia kichwani, wanajilinda wao. Nimekaa kwenye hivyo vikao najua. Ila anayeumia nalo ni wewe, kwa sababu dirishani neno "kukubaliana" linasomeka kama umetaka mwenyewe.

Usiende kudai wakuandikie barua upya, hawatakubali, wataona unawatega. Omba BARUA YA UFAFANUZI kwenda kwa mfuko. Waambie sihitaji mbadilishe chochote, nahitaji mwambie mfuko ukweli wa kilichotokea. Na uende nayo imeshaandikwa, iwe na sentensi kama hii: ajira ya mwajiriwa tajwa ilisitishwa na mwajiri tarehe 30 Septemba kutokana na kupungua kwa uzalishaji, mwajiriwa hakuacha kazi kwa hiari yake. Basi. Mistari miwili hiyo, kichwa cha barua cha kampuni, sahihi, cheo na muhuri. HR akikuta imeshaandikwa anakopi tu kwenye karatasi yake, ukimwachia atunge ataandika aya nne na ya tatu itakuharibia tena.

Hapohapo dai na cheti cha utumishi, kile ni haki yako kisheria ajira ikikoma, si hisani. Kitakuwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na tarehe ya kumaliza ndo unayoihitaji kuziba lile pengo la mwezi wa pili mpaka wa tisa.

---

mkaziwasheria

Naheshimu sana mchango wa Mama hapo juu ila kuna kitu kimepitwa na mimi nakiona kikubwa kuliko fao lenyewe. MUDA.

Mleta mada umeuliza kama kuna muda unaopita. Upo. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Wewe tarehe 30 Septemba ndo siku yako, zote zimekwisha. Haimaanishi mlango umefungwa kabisa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, unaambatanisha kiapo cha kueleza kwa nini umechelewa, ila Tume inataka maelezo ya siku zote ulizochelewa, si kusema tu nilikuwa nafuatilia mafao. Sikufichi, sababu hiyo peke yake ni nyepesi, wanaweza kuikataa. Lakini kila siku unayoongeza unasubiri HR akuandikie barua ni siku nyingine utakayotakiwa kuieleza, kwa hiyo mimi ningesema nenda CMA kesho, huduma yao ni bure, hulipi hata mia. Ukishajaza fomu namba 1, ile ya kufungua mgogoro wenyewe, unampelekea mwajiri kopi yake apokee ndipo unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba kapokea.

Na kitu cha pili, mlilipwa kiinua mgongo? Mwajiri akisitisha ajira yako na una zaidi ya miezi 12 kazini, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, isizidi miaka 10. Kwako 520,000 gawa kwa siku 26 ni 20,000 kwa siku, mara 7 ni 140,000, mara miaka 6 ni 840,000. Angalia kama ilikuwepo kwenye malipo yako ya mwisho. Na notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au mlipwe badala yake. Kama mlipewa mshahara wa mwezi wa tisa mkaambiwa kwaheri, basi hamjalipwa.

---

Mama Makaratasi

mkaziwasheria hesabu zako ziko sawa sawia na nashukuru umesema ya kiinua mgongo. Ila tukubaliane kwenye mpangilio. Nimekaa upande ule wa meza, ile fomu ya Tume ikishafika ofisini siku hiyohiyo mkurugenzi anasema hakuna kumpa huyu mtu karatasi yoyote mpaka mwanasheria aone. Barua ya mistari miwili ambayo Jumatatu angeipata kwa dakika kumi, itakaa kwa mwanasheria miezi. Mi nasema achukue barua kwanza, siku tatu nne, halafu aende huko.

---

mkaziwasheria

Siku nne sawa. Wiki nne hapana. Na HR akisema njoo wiki ijayo asisubiri.

---

tabata_dampo

Dada ongezea hili, kaa mbali na vishoka. Pale nje kwenye miti utakuta kijana kavaa vizuri ana bahasha za kaki anakwambia ana mtu ndani, toa elfu hamsini faili litembee. Au unapigiwa simu anajua mpaka jina lako kamili anaomba namba ya siri ya laini yako ya simu athibitishe malipo. Shemeji yangu aliliwa laki na ishirini hivyohivyo mwezi huohuo aliopunguzwa kazi. Fao halina ada na hakuna ofisa wa kweli atakayekuomba namba ya siri.

---

fundi_mzani

Kwenye hiyo miezi saba, usikubali ile kauli ya "ongea na mwajiri wako". Mwajiri anatakiwa awe amewasilisha mchango ndani ya mwezi unaofuata, asipofanya hivyo ni kosa kisheria na lile deni mfuko ndo unaomdai, wao ndo wenye meno ya kumdai mpaka mahakamani. Wana wakaguzi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo uliza dirishani, naomba kuonana na mkaguzi au ofisa anayeshughulikia waajiri wa eneo letu, mpe kopi za slip zote saba, slip ndo ushahidi kwamba hela ilitoka kwako. Kwetu sisi tulikuwa wanane tukaenda pamoja siku moja, mkaguzi alikuja kiwandani ndani ya wiki mbili, mtu mmoja mmoja tulikuwa tumeenda tangu mwaka uliopita hakuna kitu.

Nadhani wenzako arobaini nao wana tatizo hilohilo, michango haikuishia mwezi wa pili kwako peke yako. Watafute.

---

Binti wa Segerea

Nimesoma zote mara mbili mbili na nimeandika kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Kiinua mgongo hatukulipwa, wala sikujua kama kipo. Notisi pia hapana, tulipewa mshahara wa mwezi wa tisa basi. Nimekaa nimelia kidogo halafu nimenyamaza. Kesho naanza. Nitaleta mrejesho.

---

Binti wa Segerea

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi, ni siku ya kumi na tisa leo.

Nilianza na wenzangu. Nina namba za watu kumi na mbili, tisa walipokea simu, na wote tisa michango yao imeishia mwezi wa pili. Wote. Wanne hata kuomba fao hawakuomba kwa sababu walisoma barua wakajua ndo wameacha wenyewe. Mmoja yuko Chanika anavunja kokoto. Sita tulikubaliana tukakutana Buguruni saa moja asubuhi tukaenda getini pamoja.

HR hakututarajia. Kwanza mlinzi alituambia hayupo, tukasema tutamsubiri, tukakaa kwenye ukuta ule wa nje ambapo tulikuwa tunakaa zamani kula mihogo mapumziko. Saa nne akatuita. Nilikuwa na barua sita nimeandikiwa stationery kwa maneno yale ya Mama Makaratasi, kila moja na jina lake. Nikamwambia dada hatujaja kugombana, hatuombi mbadilishe mlichoandika, tunaomba mfuko uambiwe ilivyokuwa. Akasoma, akanyamaza muda mrefu, akasema hii sentensi ya mwisho siiwezi, ile ya hakuacha kwa hiari yake. Nikamuuliza kwa upole, dada na wewe ulikuwepo kantini siku ile, kuna aliyetaka? Akaangalia chini. Akaenda kwa meneja akakaa humo nusu saa, akarudi akasema sawa kesho kutwa mfuate. Kesho kutwa tulifuata, zilikuwepo zote sita, ila hazikuwa na muhuri, tukasubiri tena mpaka saa tisa mwenye muhuri arudi kutoka benki. Cheti cha utumishi wanasema mwezi ujao, hilo bado.

Jina nimemaliza, kiapo kwa wakili.

Mfuko nilienda na barua ya ufafanuzi, kiapo, slip saba na barua yangu ya maelezo kopi mbili kama kijana_rangi3 alivyosema, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi nina karatasi mkononi yenye tarehe yao. Nikaomba kuonana na mkaguzi, hakuwepo, nikapewa siku, tukaenda tena wote sita akatupokea. Alichukua kopi za slip akazihesabu moja moja mezani, akaniuliza nyie mlikuwa wangapi jumla, nikamwambia kama arobaini, akaandika. Amesema kiwanda kitafikiwa, hakusema lini.

Na jana jioni nimeingia kwenye mfumo, lile neno limebadilika. Limeandikwa "imehakikiwa, inasubiri malipo". Nilimwita mwanangu mkubwa aje anisomee tena nisije nikawa nimeona vibaya.

CMA tumeenda juzi, wote sita kwa pamoja, tumejaza fomu ya kuomba kuongezewa muda. Yule aliyetupokea alisema yaleyale uliyosema mkaziwasheria, tueleze siku zote, tusiruke. Tumekaa usiku tunahesabu tarehe kwenye kalenda, nani alikuwa wapi lini, mmoja alikuwa amelazwa na ana karatasi za hospitali, mimi nina tarehe za safari zangu sita. Sijui watasemaje, tunasubiri kuitwa. Akaunti ya benki nimeiamsha kwa hela ya maandazi.

---

Mama Makaratasi

Mwanangu umefanya kazi ya watu watatu. Hilo la cheti usiliache, wakifika mwezi ujao bila kukupa nenda na barua ya kukumbusha, kopi wagonge. Na huyo HR mchukulie vizuri, alichofanya kwa meneja si kidogo, najua chumba kile kinavyokuwa.

---

kijana_rangi3

Ukiona "inasubiri malipo" kwangu ilichukua kama wiki tatu hivi mpaka meseji ya benki. Kila la heri dada.

---

Binti wa Segerea

Asanteni wote kutoka moyoni. Neno la mwisho ni kwa wale tuliokuwa wote kantini siku ile, najua baadhi yenu mnaingia humu na namba zenu sina. Nyinyi hamkuacha kazi, mliachishwa, na fao lenu lipo. Barua yenu ile tafuteni mtaikuta ina mstari uleule. HR amekubali kutoa ufafanuzi kwa wengine pia ila anataka watu waje kwa kundi siyo mmoja mmoja, siku ya Jumatano. Njooni na kopi ya barua, kitambulisho na slip zozote mlizonazo hata kama zimechanika, ninazo barua za ufafanuzi zimeshaandikwa nimeacha nafasi ya jina tu. Saa mbili kasoro nitakuwa hapo ukutani tulipokuwa tunakula mihogo.